Wakulima Waliokubali Soda

Ayikoru,

Nimekaa kibarazani kwenye kiti changu cha kamba, mto uko mgongoni kama ulivyonipangia, na ninakusikia huko ndani ukifunga mabegi na kuongea na simu kwa wakati mmoja. Unamwambia mtu wa Koboko kwamba kila kitu kiko tayari. Nilitaka kuianza barua hii kwa upole, kama mzee anayejua kwamba pumzi zake zimebaki chache, lakini umenishinda. Kila kitu kiko tayari! Kitu gani kiko tayari, mwanangu? Sola hujanunua, ukuta wa chumba chako cha baridi hujasimamisha, na nyanya za kuingia humo bado ni za watu wengine, ziko shambani kwao.

Sitakuandikia habari za chandarua wala za maji ya kuchemsha. Mama yako ameshakuimbia hayo tangu juzi, na najua hutayafuata. Koboko si mbali. Ukiugua utakuja. Ninachoandika ni kile tulichogombania jana, maana jana nilikohoa katikati ya maneno yangu na wewe ukadhani nimemaliza.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya nyumba hii tangu mama yako alipovuka mpaka kutoka Kongo na kuolewa na mwalimu asiyejua kupika. Kanisani naomba kwa Kilugbara, shuleni nilifundisha kwa Kiingereza, lakini hasira zangu zote za nyumbani zimezoea Kiswahili.

Jana ulikuja ukasimama mlangoni, karatasi ya mauzo ya kiwanja mkononi, ukaniambia, "Baba, wote wamekubali."

Nikakuuliza, "Wote akina nani?"

"Wakulima wa Kuluba, kule Koboko. Tuliwaita mkutano, wakajaa mpaka wengine wakasimama nje. Nikawauliza, mnahitaji chumba cha baridi cha kuwekea nyanya zenu zisioze? Wakainua mikono, baba. Wote."

"Uliwapa nini?"

"Kuwapa nini tena?"

"Ayikoru. Uliwapa nini?"

"Soda. Na chapati. Ni heshima tu, watu wametoka mbali."

"Basi walikubali soda."

Ulicheka, halafu ukanuna. Mama yako akapaza sauti kutoka jikoni, "Mzee, wacha mutoto aende na roho safi!" Nawe ukamjibu, kwa sauti ya kutosha nisikie, "Mama, huyu anataka nizeeke hapa nikimpimia vidonge." Maneno yale yaliniuma. Baadaye peke yangu nikacheka pia, maana ni kweli unavipima vizuri.

Lakini hebu nikwambie kuhusu mikutano, kwa sababu wewe ulisomea Kampala na hukuiona sana. Mimi nimeitafsiri. Kwa miaka mingi kila shirika lililokuja huku na gari jeupe lilimtafuta mwalimu wa kutafsiri, na mwalimu huyo mara nyingi nilikuwa mimi. Niliona watu wakipanga majibu kabla mgeni hajashuka garini. "Leo wametoka wapi?" "Hao ni wa maji." "Basi tuseme maji." Wiki inayofuata wanakuja wa mbuzi, tunasema mbuzi. Mama mmoja wa hapa kwetu Ayivu aliwahi kuniuliza kwa kunong'ona, mgeni akiwa amesimama palepale, "Mwalimu, huyu anataka tuwe na shida gani?" Sikuitafsiri ile.

Usiwadharau kwa hilo. Si waongo. Mtu akija kutoka mbali, amevaa vizuri, amekuletea soda, anakuuliza kama unahitaji kitu, utamkatalia kwa nini? Kukubali hakukugharimu chochote na kumemfurahisha mgeni. Wamefundishwa hivyo na wageni wenyewe, na sasa wewe umeenda kwao kama mgeni wa gari jeupe, ingawa ulipanda boda.

Na kwa mikono ile iliyoinuliwa unataka kuuza kiwanja.

Unajua kiwanja kile ni nini. Nilikupa wewe, binti, mbele ya baba zako wakubwa na wadogo walioguna mpaka jioni. Ndicho kipande pekee cha ardhi kilichobaki kwa jina la mtu wa nyumba hii. Mnunuzi hatatoa shilingi mpaka mzee wa ukoo atie sahihi, na mzee wa ukoo kwa sasa ni mimi, kwa bahati mbaya ya ukoo. Nikifa kabla ya kutia, baba zako wadogo watakikalia na hutakiona tena. Ndiyo sababu umeniharakisha hivi. Sikulaumu. Mimi pia nina haraka.

Sasa nikueleze jambo ambalo ningependa ulisikie kutoka kwangu, si kutoka kwa watu wa matangani.

Ulipokuwa mdogo tulihama mjini. Tulikuwa na nyumba ya tofali chini ya Arua Hill, mama yako alikuwa ameshachagua kitambaa cha mapazia. Ninyi watoto tuliwaambia tunarudi Ayivu kwa sababu mama anataka bustani. Mama yako hakutaka bustani yoyote. Alinisaidia kudanganya, na hakuwahi kunikumbusha, na hiyo ni adhabu ambayo nisingemwombea mtu yeyote. Niliuza nyumba ile kwa ajili ya unga wa muhogo.

Nilikuwa nimestaafu. Nilialikwa semina Kampala, na huko mtaalamu mmoja akatuonyesha unga wa muhogo mweupe kama chaki. Muhogo unamenywa, unakatwa na mashine, unakaushwa haraka ndani ya nyumba ya plastiki, unasagwa. Hauguswi na vumbi wala kuku. Nilikaa pale nikaona aibu kwa ajili yetu. Huku kwetu, nilifikiri, wanawake bado wanarundika muhogo chini ya majani mpaka uote ukungu mweusi, wanaukwangua, wanauvunja, wanauanika juu ya miamba kando ya barabara ambapo kila mbuzi anapita, na unga unatoka wa kijivu na harufu yake. Nikasema nitawaletea watu wangu unga safi. Hivyo ndivyo nilivyosema, "watu wangu." Mwalimu hawezi kustaafu.

Sikukurupuka, usidhani. Niliuliza. Nilikuwa mtu wa kuuliza kabla ya kutenda, na nilijisifu kwa hilo. Niliuliza baada ya ibada, nikiwa nimesimama mlangoni mwa kanisa na suti yangu. Niliuliza wanafunzi wangu wa zamani, wengine wakiwa wakubwa ofisini, na bado walikunja mikono nyuma walipoongea nami. Niliuliza wakwe. Fikiria hilo, Ayikoru, mtu mzima aliyesoma anakwenda kwa wakwe zake na kuwauliza kama wazo lake ni zuri! Wakwe! Watu ambao hata nikiwaletea mawe watasema asante kwa mawe.

Wote walisema, "Mwalimu, haya ndiyo maendeleo."

Kisha nikagawa pakiti za kujaribu, bure. Zilikwisha siku ileile, na wengine walirudi kuomba zaidi. Nikamwambia mama yako, unaona? Watu wanaugombania. Miezi baadaye nilipita kwa jirani nikamkuta binti yake anapiga pasi sare za shule, zimesimama wima kama mbao. Nikauliza wanatumia wanga gani mzuri hivyo. Yule mtoto akasema, "Ni ule unga wa mwalimu." Mama yake alitaka kuingia ardhini. Mimi nilicheka kana kwamba sikuelewa, nikaenda zangu. Nilielewa vizuri sana.

Lakini hilo nalo si lenyewe. Lenyewe ni hili, na nimelificha hata wakati wa kuungama kanisani.

Mwanzoni kabisa, kabla ya kuuza nyumba, nilipokuwa na mashine moja ndogo tu ya kukodi, mama yako alipika enya, ugali wetu huu, kwa unga wangu. Enya nyeupe. Ilikuwa inateleza, haishiki mchuzi, haina ladha, unameza kama mtu anayemeza dawa. Nilikula tonge mbili nikasema nimeshiba. Kesho yake mama yako, bila neno, akapika kwa ule unga wa kijivu aliouanika mwenyewe nyuma ya jiko. Nikala. Nikaomba nyingine. Nikanawa mikono, nikaondoka, nikaenda kutafuta mtu wa kununua nyumba yetu ili ninunue mashine kubwa.

Soma tena hapo, tafadhali. Jibu lilikuwa tumboni mwangu. Mimi mwenyewe, mwenye kiwanda, sikutaka kula unga wangu, na bado niliamini kwamba watu wengine wataununua. Kwa nini? Kwa sababu nilikuwa nimeshatangaza. Nilikuwa nimeshasimama mbele ya watu wazima nikasema, na wao wakapiga makofi, na sikuwa na ujasiri wa kurudi kwao na kusema jamani, nimejaribu, haifai. Ilikuwa rahisi zaidi kuuza nyumba. Hesabu ya wapumbavu, na nilikuwa mwalimu wa hesabu.

Mama yako nilimwuliza miaka mingi baadaye, "Kwa nini hukuniambia?" Alikuwa anapepeta mtama. Akasema, "Uliuliza kanisa, uliuliza wakwe, uliuliza mpaka mukubwa wa elimu. Mimi uliniuliza lini?" Akaendelea kupepeta.

Alikuwepo mtu mmoja aliyeniambia ukweli bila kuulizwa. Baba yako mdogo, Candia.

Wewe unamjua Candia kama yule mwenye mdomo mbaya aliyeharibu biashara ya baba yako. Ndivyo tulivyokulea. Alikuwa dereva wa lori, anakwenda Kongo, anakwenda Sudan, alikunywa kuliko inavyofaa na alicheka kwa sauti mahali pa kunyamaza. Siku ya kufungua kiwanda alikuja amechelewa, mchungaji akiwa ameshaomba. Wageni walipewa enya nyeupe na nyama. Candia akachovya, akatafuna, akatazama juu kama mtu anayetafuta kitu kwenye paa, kisha akasema mbele ya wote:

"Mwalimu, hii unga iko ya kupaka ukuta."

Watu wakacheka, halafu wakakumbuka mimi nipo, wakaacha.

Nikamwambia, "Candia, leo si siku ya utani."

"Mimi sifanye utani. Mutu wa hapa hawezi kula hii. Iko kama kamasi. Umeuliza nani?"

"Nimeuliza watu wote."

"Uliuliza watu, ama uliambia watu?"

"Funga mdomo. Mlevi wewe."

"Mulevi niko," akasema, akaweka sahani chini taratibu. "Lakini niko na tumbo pia, na hii tumbo inakataa."

Akaondoka. Wageni wote wakanigeukia kunipa pole kwa kuwa na ndugu wa namna ile, na mimi nikazipokea pole zao.

Kiwanda kilikufa kama unavyojua. Unga ulikaa magunia kwa magunia mpaka ukaingiwa na wadudu. Watu waliendelea kunisalimia kwa heshima na kupita mbele ya mlango wangu wakiwa wamebeba muhogo wao mweusi kwenda kusagisha kwingine. Na mimi, badala ya kusema nimekosa, nilitafuta mtu. Kwenye kikao cha ukoo nilisimama nikasema kwamba Candia aliitamkia kazi yangu maneno mabaya siku ya kwanza, na tangu siku ile haikuinuka. Unajua jinsi jambo hilo lilivyo zito kwetu. Neno la ndugu aliyekasirika watu wanaliogopa. Wazee wakamwita. Wakampa maji kwenye kibuyu, wakamwambia ayateme juu ya mashine na kuliondoa neno lake.

Alikuwa mtu mzima, mwenye watoto, na baadhi yao walikuwa wanachungulia. Angeweza kukataa. Aliyachukua maji, akayatema juu ya ile mashine yangu, akasema, "Kama neno langu limekwama hapa, litoke." Kisha akanitazama. "Lakini unga itabaki ileile."

Mimi nilikuwa najua. Pale pale nilikuwa najua. Nilikuwa na shahada, nilikuwa nimefundisha hesabu na sayansi kwa watoto wa nusu ya wilaya hii, na nilimwacha ndugu yangu ateme maji juu ya chuma ili nisiseme kwamba unga wangu haukuwa na ladha.

Alihamia Koboko mwaka uleule. Hatukuzungumza tena. Alipofariki nilituma ujumbe kwamba naumwa. Sikuwa naumwa, Ayikoru. Sasa ndiyo naumwa, na kila mara daktari akinisikiliza kifua namwona Candia amesimama nyuma yake anasubiri kucheka.

Mjane wake yuko Koboko bado. Mama yako atakuelekeza nyumba. Nenda ukamsalimie kabla hujamwona mtu yeyote wa nyanya. Mpe sehemu hii ya barua aisome, au msomee kama macho yake yamechoka. Usiipunguze makali. Mwambie shemeji yake amesema kwamba mumewe alisema kweli mbele ya watu, na yeye akamlipa kwa uongo mbele ya watu. Najua ilipaswa niende mwenyewe. Ningeweza kwenda kwa miaka mingi sana ambayo miguu yangu ilikuwa inafanya kazi.

Nimepumzika kidogo. Mama yako amenifunika blanketi na kuniuliza naandika wosia gani huo usioisha.

Ninajua unavyofikiri sasa. Unafikiri, mzee alishindwa na unga, kwa hiyo anaogopa nyanya. Sikiliza vizuri, sijasema wazo lako ni baya. Sijui. Inawezekana ndilo jambo zuri kuliko yote yaliyowahi kufika Kuluba. Nyanya zinaoza kweli, nimeziona zikimwagwa. Kinachonikera ni kwamba na wewe hujui, na unatembea kama mtu anayejua, umeinua kidevu kama mimi mlangoni mwa kanisa. Nikikutazama unavyoongea na simu hiyo naona suti yangu.

Nani anapoteza nyanya zikioza? Umeniambia ni mkulima. Una hakika? Jana nilikuuliza wachuuzi wanaonunua wanakuja siku gani, ukasema "siku za soko." Nikakuuliza kama mkulima anavuna kabla mchuuzi hajafika au baada ya kufika, ukasema utaangalia. Utaangalia lini, ukuta ukishasimama? Kama mkulima anaziacha mtini mpaka asikie lori, basi hana cha kukuletea, na nyanya zinaozea ndani ya lori, na mteja wako ni mwenye lori, ambaye hukumwita mkutanoni kwa hiyo hakunywa soda yako. Labda nimekosea. Ninabahatisha tu hapa kitini. Lakini wewe una miguu.

Nenda ukae Kuluba msimu mmoja. Umenisikia, msimu, usiniambie wiki. Usiitishe mkutano. Usiende na fulana yenye jina la kampuni. Nenda shambani kwa mtu mmoja mmoja, mkute anapalilia, palilia naye ikibidi, mikono yako itazoea. Usimwulize kama atapenda chumba cha baridi. Hilo ni swali la mgeni na atalijibu kwa adabu. Mwulize nyanya za mwisho zilizoharibika alizifanyaje. Alimpa nani? Alikasirika au alizoea? Alijaribu nini kuziokoa? Kama hajawahi kujaribu chochote, hata kuziweka kivulini na kumwagia maji, basi shida hiyo haimkoseshi usingizi, inakukosesha wewe tu.

Kisha mfanyie kitu kidogo. Si ulinionyesha mwenyewe kwenye simu, vile vibanda vya kuta za mkaa vinavyomwagiwa maji vikapoa? Jenga kimoja. Kibaya. Cha kuonea haya. Hakihitaji kiwanja cha mtu. Mwambie mkulima alete kreti yake na alipie siku ileile, kidogo tu, hata kama ni shilingi za kununua sabuni, lakini zitoke mfukoni mwake. Utaona nyuso zinavyobadilika. Wale waliokuita binti yetu, mwokozi wetu, watakumbuka ghafla kwamba wana msiba upande wa pili. Waache waende, usiwafuate na chapati. Wewe mtazame yule atakayerudi mara ya pili bila kuitwa, na akikuta umefunga atagonga na kukutukana. Huyo anayekutukana kwa sababu umefunga ndiye mteja. Akiwa mmoja, subiri. Wakianza kugombana nani awe wa kwanza, hapo uza kiwanja, na mimi nitakuwa nimelala upande mwingine nikikupigia makofi.

Na ikiwa hakuna anayerudi, utakuwa umepoteza mkaa. Mkaa, Ayikoru! Mkaa unaweza kupikia.

Akitokea mtu wa kukwambia mbele ya watu kwamba jambo lako ni la kupaka ukuta, itakuuma. Utataka kumwita mlevi. Mpe kiti. Mnunulie yeye ile soda.

Utasema nazungumza sana na karatasi yako bado iko pale mezani. Nimeitazama mchana kutwa. Nilifikiria kukataa kutia sahihi. Ingekuwa rahisi mno, ningesema hapana, wewe ungelia kidogo, ungenitii, kwa sababu mimi ni baba yako na ninakufa, na ungekaa hapa Ayivu maisha yako yote ukiamini kwamba chumba kile kingekutajirisha kama si mzee. Kisha nikaona ni ugonjwa uleule. Watu wamenikubalia kwa heshima tangu nilipovaa suti ya kwanza, na tazama walikonifikisha. Sitaki na wewe unikubalie kwa heshima.

Kwa hiyo nimetia sahihi. Inasomeka, na mama yako ameshuhudia, ingawa amenitazama kama alivyonitazama siku ya mashine kubwa. Kiwanja ni chako kuuza kesho, au mwakani, au usikiuze. Baba zako wadogo hawana la kusema tena, wala mimi. Mnunuzi akikupigia simu, utakayemjibu ni wewe peke yako, bila mzee wa kumsingizia.

Sasa nasikia umemaliza simu. Unaimba. Gari la Koboko linaondoka mapema, kwa hiyo utakuja kuniaga kabla sijaamka vizuri, utanishika mkono, utakuwa umeshaisoma barua hii kwa sababu huwezi kungoja kitu. Nakuomba jambo moja tu. Usiniambie, "Baba, umesema vizuri." Nimeambiwa hivyo vya kutosha. Kaa pembeni ya kitanda, hata kama gari litakuacha, uniambie nimekosea wapi.

Baba yako